Vigelegele vya Mtu Mwingine

Wiki ile nzima, kila aliyeshuka stesheni ya Seven Sisters alipokelewa na uso wa Telesphor Shirima. Ulikuwa mkubwa kuliko mlango, umepakwa rangi nyeusi chini ya macho, umekunja ndita, na chini yake pameandikwa kwamba mtoto wa Tottenham anarudi nyumbani. Akina mama waliotoka zamu kwenye nyumba za kulelea wazee walisimama kuupiga picha. Telesphor mwenyewe alipita pale Jumatano, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akautazama, akatamani kuutemea mate.

Alikuwa na haki ya kutamani hivyo. Ile picha ilikuwa inauza tiketi za mechi ya ligi ya Marekani iliyoletwa Tottenham, mechi ambayo hakuna aliyekuwa amemhakikishia kwamba atacheza. Huu ulikuwa msimu wake wa tatu kwenye timu moja ya mpira wa Kimarekani, timu ya kulipwa, yenye ndege yake na mpishi wake, na kwa misimu yote hiyo hakuwahi kukanyaga uwanja katika mechi ya ligi hata kwa dakika moja. Alikuwa wa kikosi cha mazoezi. Maana yake ni kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa wenzake walimgonga na yeye akawagonga, wapate kujifua, halafu siku ya mechi wao wanavaa jezi na yeye anavaa suti ya michezo. Majirani wa mama yake hawakuyajua hayo. Wangeyajuaje, wakati stesheni nzima ilikuwa inawaambia vingine?

Alizaliwa Moshi, akaletwa Landani akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na mama yake Aikaeli, ambaye alitangulia kuja kufanya kazi ya kulea wazee. Baba yake alikuja mara moja, akaiona baridi, akarudi Rombo, na habari zake zikaishia hapo. Telesphor alikua vibaya, kama mama yake alivyozoea kusema, yaani alikua upesi mno. Alipofika miaka kumi na minne alikuwa anainama kuingia jikoni kwao. Kwenye basi watu walivuta mikoba yao. Polisi walimsimamisha njiani kutoka shule wakamuuliza anakwenda wapi na sare ya shule ameivaa. Mwalimu mmoja alimwambia apunguze sauti siku ambayo hakuwa amefungua mdomo. Mtoto akitendewa hivyo kila siku, hasira inahamia mwilini na kupanga chumba.

Aliyeigundua hasira hiyo ni Njoroge, dereva wa basi kutoka Nakuru, aliyewahi kusoma Marekani na kuujua mpira wa kule, ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Siku hiyo Telesphor alikuwa amepiga teke kibanda cha kituo cha basi mpaka kioo kikapata ufa. Njoroge alifungua mlango wa basi, akamtazama kuanzia viatuni.

"Wewe kijana, hiyo nguvu yote unapigia glasi? Kuja Sunday, kule karibu na mto Lea. Nitakupatia watu wa kugonga, na hakuna polisi atakuuliza kitu."

Alikwenda. Walimfundisha kazi ya ulinzi, na ndani ya ulinzi wakamweka pembeni, kwa wale ambao kazi yao ni moja tu: mpinzani akishika mpira ili aurushe mbele, wewe umpite jitu lililowekwa kukuzuia, umfikie mrushaji kabla hajarusha, umlaze chini. Hufungi. Hushiki mpira. Unaharibu mipango ya watu, basi, na unashangiliwa kwa hilo. Telesphor hakuwahi kuambiwa katika maisha yake kwamba ukubwa wake ni wa kazi fulani. Siku ya kwanza alipomwangusha mtu na mwamuzi akanyoosha mkono kuonyesha kwamba ni halali, alicheka peke yake kwenye tope.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Mchana wa Jumapili ndiyo ibada ya Kiswahili, Walutheri wa Kitanzania wanakutana, na Aikaeli alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Waligombana, tena si kidogo.

"Unaacha nyumba ya Mungu unakwenda kupigana na Wazungu kwenye matope?"

"Si kupigana, mama. Njoo uone basi, mara moja tu."

"Nije nione nini? Mwanangu anavunjwa shingo? Sikukubeba mgongoni kwa ajili hiyo."

Hakwenda. Telesphor alicheza Landani miaka minne, akapata nafasi ya kusoma Marekani kwa sababu ya mpira huo, akacheza huko chuo mpaka jina lake likajulikana, na katika miaka yote hiyo mama yake hakumwona hata siku moja. Dada yake Lilian, aliyezaliwa Landani, alikuwa akimfungulia video kwenye simu. Aikaeli alifunika macho kwa mtandio, akauliza kama imeisha. Telesphor aliposikia hayo alicheka. Usiku alipolala hakucheka, na asingekiri kwa mtu yeyote kwamba hilo ndilo jambo alilolitaka kuliko mengine yote duniani: mama yake akae mahali, afumbue macho, amwone anafanya kazi aliyoumbiwa.

Kwa hiyo mtu aelewe alivyojisikia ile Jumatano, alipotoka stesheni akaenda mazoezini na kocha wa ulinzi akampiga bega. "Jumapili unacheza," kocha alimwambia. "Kwenu. Jiandae."

Alimpigia mama yake pale pale, helmeti ameibana kwapani.

"Mama, Jumapili naingia uwanjani. Mechi yenyewe. Hapo hapo Tottenham, unaweza kuja kwa miguu."

Upande wa pili redio ikazimwa. Kisha Aikaeli akasema, "Nitamwambia mchungaji. Nitakuja."

Na hapo ndipo Watanzania walipoingia kazini, maana Mtanzania hawezi kuacha furaha ya mwenzake ipite hivi hivi bila kamati. Kabla ya Alhamisi kwisha kamati ilikuwa na mwenyekiti, naye ni Anko Ambrose, mtu wa Machame anayefanya kazi ofisi za reli, ambaye hajawahi kukutana na shughuli akakubali kuwa mjumbe wa kawaida. Ikawa na kundi la WhatsApp. Ikawa na sare: vitenge vya kijani vilivyoshonwa haraka na fundi wa Woolwich, na mgongoni namba 91, kwa sababu picha aliyoituma Telesphor wakati wa mechi za majaribio za kiangazi ilimwonyesha na namba hiyo. Ukumbi wa kanisa ulipatikana kwa ajili ya sherehe baada ya mechi. Na kwa kuwa yule ni mtoto wa Kichaga, ikaagizwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, asimamishwe mezani na majani mdomoni, shujaa amkate mbele za watu.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Telesphor kama namba bado ni ile. Wala yeye hakukumbuka kuwaambia kwamba alipoteremshwa kikosi cha mazoezi, namba 91 alipewa mkongwe mmoja wa Texas aliyesajiliwa mwezi Septemba.

Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa hoteli, kocha alimpita na kikombe cha kahawa mkononi. Hakusimama. Alimwambia akiwa anatembea kwamba mambo yamebadilika, mtu wa katikati ameumia goti, nafasi itakwenda kwa mwingine mzito zaidi. "Wakati mwingine," akasema. Halafu akageuka, na Telesphor akadhani anarudi kusema neno la kibinadamu. "Ila kesho wahi, watu wa habari wanataka picha zako uwanjani kabla ya mechi."

Telesphor alibaki pale na mikono yake miwili isiyo na kazi. Wanaume hawa! Wamemtundika ukutani kwenye mtaa wake, wamewauzia tiketi watu waliomwona akiwa na kamasi, halafu wanamwambia wakati mwingine, kana kwamba timu inakuja Tottenham kila Jumanne. Alipiga ukuta ngumi, ukuta ukabaki vile vile. Akashika simu ampigie mama. Akaiweka. Akaishika tena. Alishindwa kabisa kuyatoa yale maneno, na Jumapili ikafika.

Alipiga picha zao. Kisha akasimama pembeni ya uwanja ndani ya suti ya michezo, na kwa kuwa kusimama mikono mitupu kulikuwa kubaya zaidi, akachukua chupa za maji. Hakuwatafuta, lakini huwezi kukosa kuwaona Watanzania waliovaa kijani katikati ya Waingereza waliovaa makoti meusi. Walikuwa wamesimama wote. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, amefunga kilemba.

Mpira ukaanza, na yule mkongwe wa Texas, namba 91, akaamua kwamba hiyo ndiyo siku yake. Mara ya kwanza alipomwangusha mrushaji, vigelegele vilipasuka kutoka upande wa kijani mpaka walinzi wakageuza shingo. Telesphor hakuelewa mara moja. Alielewa mara ya pili, aliposikia sauti ya Anko Ambrose ikikata uwanja mzima: "Shiriiiimaa! Mmalize!" Ndani ya helmeti wote ni sawa, mabega yote ni sawa, na wale watu walikuwa wamemkabidhi jamaa wa Texas jina la akina Shirima, dua zao na vigelegele vyao. Mara ya tatu walicheza kabisa, wakiinua vitambaa. Telesphor aligawa maji. Meno yalimuuma kwa kuyabana.

Timu yake ilishinda, na kwa kuwa wiki iliyofuata haikuwa na mechi, akaruhusiwa kubaki Landani. Alikwenda ukumbini akiwa na nia ya kumaliza jambo hili mapema. Hakupewa nafasi. Alivamiwa mlangoni, akavishwa mashada ya karatasi za kung'aa mpaka shingo ikapotea, wazee wakamshika kichwa, watoto wakataka kupima kiganja chake.

"Watatu!" Anko Ambrose alifoka kwa raha, akimwonyesha vidole. "Mwanangu, watatu! Yule Mzungu uliyemkalia, mpaka sasa anatafuta pumzi! Nimewaambia watu wa ofisini, kesho waniite Mheshimiwa."

"Anko, shikamoo. Naomba tuongee kidogo."

"Marahaba, utaongea na mikrofoni! Ndafu kwanza."

Muziki ukapunguzwa. Mbuzi alikuwa amesimama mezani, mwekundu, anang'aa, majani mdomoni. Mshereheshaji alimpa kisu chenye utepe na kuanza kuhesabu. Telesphor akawaona wote wanamtazama kwa macho yaliyojaa, wauguzi, walezi, wanafunzi, watu ambao wiki nzima hakuna anayewaita kwa jina, na leo wameshinda. Ilikuwa rahisi sana. Kisu kilikuwa mkononi. Wao wenyewe walikuwa wamesema kwamba wamemwona. Angekata, wangekula, na uongo ungekuwa si wake.

Hesabu ilifika mbili.

"Yule siye mimi," alisema.

Mshereheshaji alicheka, akadhani ni utani.

"Namba tisini na moja ni mtu mwingine. Anatoka Texas. Mimi sikucheza leo. Sijawahi kucheza mechi ya ligi hata moja, misimu mitatu. Nilikuwa pale chini, nagawa maji."

Simu zilizoinuliwa kumpiga picha zilishuka moja moja. Anko Ambrose alisogea, akamshika kiwiko, akamnong'oneza huku anatabasamu kwa watu.

"Telesphor, kata mbuzi. Hayo mengine tutaongea nyumbani. Picha ya stesheni si yako? Ni yako. Basi inatosha. Kata."

Hapo ndipo damu ilipompanda. Kocha alitaka picha, na huyu naye anataka picha.

"Inatosha?" alipaza sauti. "Anko, hata wewe? Nimegongwa kichwa miaka yote hii ili niwe bango? Mnanitaka mimi au mnalitaka lile karatasi? Kama ni karatasi, nendeni stesheni mkalikatie mbuzi!"

Alitupa kisu mezani, akatoka kwa mlango wa jikoni, mashada yakimdondoka. Mama yake alimkuta kwenye ua wa mapipa ya taka. Alikuwa amevua kilemba na alikuwa amekasirika kuliko alivyowahi kumwona.

"Unamfokea Ambrose mbele za watu?"

"Mama, wamemshangilia mtu mwingine mchana kutwa! Wewe pia!"

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua yule si wewe. Unadhani sijui nilichokizaa? Nimekuona dakika ile ile tumekaa. Umeshika chupa, umeinamisha kichwa."

Telesphor alivua shada la mwisho shingoni. "Sasa vigelegele ulipiga vya nini?"

"Ulitaka nifanye nini?" Sauti ya Aikaeli ilipasuka. "Niwageukie watu waliofunga maduka, walioomba ruhusa kazini, niwaambie jamani kaeni, mwanangu ni yule mgawa maji? Nilipiga ili wasiangalie huko uliko! Na wewe ulikuwa na simu, Telesphor. Ulikuwa na simu tangu jana. Miaka unaniambia njoo uone, njoo uone. Nimeacha ibada, nimekuja. Nimeona nini?"

Kilichomuuma ni kwamba mama hakukosea. Walisimama pale, kila mmoja na hasira yake, mpaka Lilian akachungulia mlangoni.

"Mum, people are asking if they can eat."

"Waambie wale!" Aikaeli alijibu. "Mbuzi hana kosa."

Jumanne simu iliita akiwa kwa mama yake, sebuleni, magoti yakigusa meza. Sauti ya kijana mmoja wa ofisi ya timu, mpole, ilimshukuru kwa mchango wake na kumweleza kwamba timu inamwachia atafute kwingine. Mchango! Simu iliisha kabla Aikaeli hajamaliza kupiga pasi mkono mmoja wa sare yake ya kazi. Alikuwa amesikia yote. Hakusema pole. Aligeuza nguo, akapiga pasi mkono wa pili kwa nguvu kuliko nguo ilivyohitaji.

Ijumaa Njoroge akampigia. Mechi za vilabu zilikuwa zinaendelea kule karibu na mto Lea, hapakuwa na malipo yoyote, na watu wake wawili walikuwa wameumia. "Si lazima," Njoroge alisema. "Lakini nakujua. Ukikaa na hiyo hasira kwa nyumba utavunja kitu ya mama."

Alikwenda. Jumapili alivaa jezi ya kuazima, yenye doa na isiyo na namba inayosomeka, akaingia kwenye tope pamoja na watu wa posta, walimu na vijana wa maduka ya simu. Wapinzani walikuwa wa kusini mwa mto. Yule jitu aliyewekwa kumzuia alikuwa amepita Seven Sisters, akamtambua nyuma ya vyuma vya helmeti.

"Oi, it's the poster boy," akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye wa bango, halafu akamuuliza kamera zake ziko wapi. "Where's your cameras, mate?"

Telesphor aliinama, akaweka vidole ardhini. Mpira ulipotoka alimpiga jitu huyo viganja viwili kifuani, akamgeuza, akampita kana kwamba amefunguliwa mlango. Mrushaji alikuwa bado anatafuta wa kumrushia. Aligeuka akamwona Telesphor, na hakuwa na muda wa kufanya lolote kuhusu alichokiona. Wakaenda chini wote wawili, tope likaruka, mpira ukatoroka kwenye majani. Mwamuzi akapuliza filimbi.

Ndipo aliposikia kelele pembeni ya uwanja. Hazikuwa vigelegele. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayegomba.

Aliinua kichwa. Aikaeli alikuwa amevuka mstari mweupe, ndani ya gauni lake la kanisa, viatu vya kisigino vikizama, Biblia kwapani. Ilikuwa saa ya ibada. Hakufunika macho. Mwamuzi alikuwa amemnyooshea viganja, akimsihi arudi nyuma, na yeye alikuwa anamkaripia kwa Kiswahili kama mtu aliyemkanyagia mboga. Lilian alimkimbilia na kumshika mkono.

"Mum, you can't be on the pitch! He says you have to go back."

"Sirudi. Huyo aliyelala juu ya mwenzake ni wangu. Nimemjua akiwa bado ameinama." Machozi yalikuwa yanateremka juu ya ule uso wenye hasira. "Mwambie huyu mzee mimi ni mama yake. Mwambie miaka yote hii sikuwepo, na leo nimefika tu, mara amekwisha kumwangusha, sikushiba kutazama. Mwambie warudie."

Lilian alimtazama kaka yake, akamgeukia mwamuzi, akamweleza yote kwa Kiingereza bila kupunguza neno. Telesphor alimpa mkono mrushaji, akamwinua kutoka kwenye tope, akarudi kwenye mstari.